Majibu Hayazidi Viazi Ulivyoleta

Anayefika maabara na mfuko wa viazi huwa na swali moja tu: vina ugonjwa au havina? Ni swali la haki kabisa. Mvua ziko njiani, mbegu iko stoo imeanza kuchipua, na mwenye gari ameshapewa kishika uchumba. Mtu anataka kusikia ndiyo au hapana, akapande. Tatizo ni kwamba sina kipimo hata kimoja kinachojibu swali hilo. Ninacho kinachojibu kama kwenye jani kuna protini ya kirusi fulani. Ninacho kinachojibu kama kuna kipande cha vinasaba vya bakteria fulani. Kipo kinachojibu kama bakteria huyo yu hai, na kipo kinachojibu kama akiingizwa kwenye mche, mche utakufa. Hayo ni maswali manne tofauti, na kila moja lina bei yake, muda wake na mahali linapopotosha.

Kazi yangu ni kupima magonjwa ya mimea, na kwa sehemu kubwa ni viazi mviringo vya huku Nyanda za Juu Kusini. Watu hudhani ugumu uko kwenye mashine. Mashine mtu anafundishika. Ugumu ni kumweleza mkulima, au mfanyabiashara wa mbegu, au hata bosi wa mradi mwenye digrii tatu, karatasi ya majibu inasema nini na imenyamazia nini.

Nianze na mnyauko, maana ndio unaofukarisha watu. Bakteria wake, Ralstonia solanacearum, alielezwa na Mmarekani Erwin F. Smith mwaka 1896, na tangu wakati huo wataalamu wamemhamisha kutoka ukoo mmoja wa bakteria hadi mwingine, jina likibadilika kila mara. Yeye hajabadilika. Anaingia kupitia mizizi, anazaliana ndani ya mirija inayopandisha maji mpaka inaziba. Shina linanyauka saa sita mchana wakati udongo una unyevu wa kutosha, jioni linasimama tena, na mkulima anajipa moyo kwamba lilikuwa jua. Siku chache baadaye halisimami. Kiazi chake ukikikata unakuta pete ya kahawia ndani ya nyama, na ukibonyeza yanachuruzika majimaji meupe mazito. Vingine hata havihitaji kukatwa: macho ya kiazi yanatoa ute, na udongo unaganda hapo hapo.

Kipimo cha kwanza cha mnyauko hakihitaji maabara. Unakata kipande cha shina lililonyauka, karibu na usawa wa ardhi, unakishikilia ndani ya glasi ya maji safi ncha ya chini ikiwa majini, kisha unatulia. Kama ni mnyauko wa bakteria, ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe zinaanza kushuka kutoka kwenye shina. Hao ndio bakteria wenyewe, mamilioni, wakitoka pamoja na ute wao. Kama shina limenyaushwa na ukungu wa Fusarium, au limetafunwa mizizi na mdudu, maji yanabaki maji. Nimemwona afisa ugani akifanya jaribio hili juu ya kiti cha pikipiki, kwa chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa shingo, na majibu yake yalikuwa sahihi kama yangu. Sijui mashine inayoishinda glasi kwa bei.

Ila glasi inajibu kuhusu shina ambalo tayari linakufa, na mbegu haiji ikiwa imenyauka. Hapa ndipo penye kisa kizima. Kundi la bakteria linalosumbua viazi vya milimani linavumilia baridi. Kule juu, mita 2,000 na zaidi, mmea unaweza kubeba bakteria msimu mzima bila kulegeza hata jani moja. Viazi vinavunwa vizuri, ngozi inang'aa, vinauzwa kama mbegu ya milimani, ile ambayo kila mtu anaamini ni safi kwa sababu imetoka kwenye baridi. Vikipandwa chini kwenye joto, ndani ya mwezi na nusu shamba linaanza kuanguka. Mnunuzi anamlaani muuzaji, muuzaji anaapa kwamba shamba lake halikuwa na shina hata moja lililonyauka, na wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo maabara inaanzia pale macho yanapoishia. Tunachukua kiazi kinachoonekana kizima, tunakiosha, tunachomoa kipande kidogo cha nyama kwenye kitovu, yaani pale kilipokuwa kimeshikana na shina mama. Bakteria anapotoka kwenye shina kwenda kwenye kiazi hupita mlango huo, na kama yupo, hapo ndipo atakapokuwa wa kwanza kupatikana. Vipande vinasagwa, maji yake yanatandazwa kwenye visahani vya kuoteshea. Kioteshi tunachotumia alikieleza Arthur Kelman mwaka 1954, na kina chumvi ya tetrazoliamu ambayo bakteria wanaigeuza kuwa nyekundu kadiri wanavyokua. Kabati la joto nyuzi 28, siku mbili. Bakteria mkali anaota madoa yaliyotepeta, hayana umbo, meupe pembezoni na ya pinki katikati. Aliyepoteza ukali anaota vidoa vidogo vya duara, vyekundu vilivyokolea. Jicho likizoea, huhitaji kuambiwa. Kama sampuli imejaa bakteria wengine wa udongoni, na viazi vyetu huja na udongo wa kutosha kupanda mchicha, tunatumia kioteshi kingine kilichobuniwa Afrika Kusini ambacho kimetiwa dawa za kuua wale tusiowataka, na hapo subira inafika karibu wiki.

Kuna jambo kuhusu bakteria huyu ambalo humshtua kila mwanafunzi mgeni. Vichupa vyake havikai kwenye friji. Vinakaa kabatini, kwenye maji safi yaliyochemshwa kwa mvuke, joto la kawaida la chumba, na anaishi humo miaka. Ukimweka kwenye maji ya baridi ya friji anaingia katika hali ambayo yu hai lakini ukimpandikiza kwenye kisahani haoti. Hilo si jambo la kuchekesha tu wageni. Maana yake ni kwamba kisahani kitupu hakithibitishi kwamba bakteria hayupo. Kinathibitisha kwamba hakuota.

Na akiota, bado kuna swali la nne: je, anaua? Tunamchoma kwenye shina la mche wa nyanya kwa sindano na kusubiri wiki moja au mbili mahali penye joto. Nyanya ikinyauka, tunamtoa tena ndani yake na kumwotesha upya ili kuhakikisha ni yule yule. Ni kipimo cha kizamani, cha polepole, kinakula nafasi, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Vijana wanaotoka vyuoni siku hizi wanakidharau. Waache.

Virusi ni habari nyingine kabisa, kwa sababu havioti kwenye kisahani. Vinaishi ndani ya chembe hai tu. Vilivyo vingi na vyenye madhara kwenye viazi ni kile kinachoitwa Y na kile cha kukunja majani, vyote vikisambazwa na vidukari. Havilazi shamba. Vinapunguza. Mwaka wa kwanza gunia kadhaa zinakosekana, mwaka wa pili zaidi, mpaka mkulima anasema mbegu imechoka, anatafuta nyingine. Na namna tunavyochagua mbegu inavisaidia: viazi vikubwa vinakwenda sokoni na kwenye mabanda ya chipsi, vidogo vinabaki kuwa mbegu. Sasa mmea wenye virusi ndio unaozaa vidogo. Kila msimu, bila mtu yeyote kukusudia, tunachambua mbegu na kuchagua ile inayoumwa.

Kipimo cha virusi ninachokifanya mara nyingi ni Elisa. Clark na Adams, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, ndio walioeleza kwa kina namna ya kukitumia kwa virusi vya mimea mwaka 1977, na hakijabadilika sana. Sahani ya plastiki ina vishimo 96. Ndani ya vishimo tunagandisha kingamwili zinazokamata kirusi kimoja tu, tunamwaga maji ya jani lililosagwa, tunaosha, tunaweka kingamwili nyingine iliyobebeshwa kimeng'enya, tunaosha tena, kisha tunaweka kemikali isiyo na rangi. Kama kirusi kilinaswa, kimeng'enya kinaigeuza kuwa ya manjano. Nusu ya kazi ni kuosha. Mtu akiosha kwa haraka, sahani nzima inakuwa manjano na kila mkulima wa wilaya anaonekana ana virusi.

Manjano nayo ina daraja. Mashine inasoma ukali wa rangi na kutoa namba, na mimi ndiye ninayeamua mstari uchorwe wapi. Desturi ni kwamba sampuli ihesabiwe ina kirusi kama namba yake imezidi mara mbili au tatu wastani wa majani mazima tuliyoyaweka kwenye sahani hiyo hiyo kwa ajili ya kulinganisha. Majani hayo lazima yatoke kwenye miche ya chupa, iliyokuzwa maabara na kuhakikiwa, si kwenye shamba la jirani linalopendeza. Kuna sampuli ambazo namba yake inaangukia karibu kabisa na mstari, na hapo ninarudia. Mteja anayeambiwa "tunarudia" hudhani tumeharibu. Kumbe ndiyo dalili kwamba kuna mtu anayesoma namba.

Jambo jingine la Elisa linalogombanisha watu nami: kiazi kilicholala. Kiazi kilichovunwa juzi, bado hakijachipua, kina virusi vichache mno kwenye nyama yake, na kipimo kinaweza kuvikosa. Njia ya uhakika ni kukata jicho, kulipanda kwenye kopo, kusubiri mche utoke, kisha kupima jani. Hiyo ni wiki kadhaa. Mtu amesafiri kutoka Makete na gunia begani, unamwambia arudi mwezi ujao.

Kwa mnyauko pia ipo Elisa, na nairejea hapa kwa sababu naipenda. Kituo cha kimataifa cha viazi cha Lima, Peru, kilitengeneza ile inayofanyika kwenye karatasi nyembamba badala ya sahani. Siri yake ni kwamba kabla ya kupima unawalisha bakteria kwenye mchuzi maalumu kwa saa 48, wanaongezeka, ndipo unadondosha tone kwenye karatasi na kuona kama linakuwa zambarau. Bakteria wafu hawaongezeki, kwa hiyo unapata majibu mawili kwa bei ya moja: yupo, na yu hai. Haihitaji mashine ya mamilioni. Umeme ukikatika saa tatu, karatasi haina habari.

PCR ndiyo inayotajwa sana, hasa tangu korona, wakati kila mtu mtaani alipojifunza herufi hizo tatu. Kary Mullis aliibuni mwaka 1983. Unatafuta kipande cha vinasaba ambacho Ralstonia anacho na wengine hawana, unakipasha moto karibu na nyuzi 95, unakipooza, unakipasha tena hadi 72, na kila mzunguko kipande kinakuwa viwili, viwili vinne. Baada ya mizunguko 30 hata kilichokuwa chembe chache kinaonekana. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo bila kuiva kwenye moto kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani.

Kipimo hiki kina macho makali, na makali hayo ndiyo lawama yake. Kinaona vinasaba vya bakteria aliyekufa sawasawa na vya aliye hai. Kinaona vumbi lililotoka kwenye sampuli ya jana. Kwa upande mwingine, wanga na rangi za kahawia za kiazi kilichosagwa vinakizuia kimeng'enya kufanya kazi, na kisipofanya kazi majibu yanatoka "hakuna", safi kabisa, kwa kiazi kinachooza. Ndiyo maana kwenye kila kichupa tunaweka kipande kingine cha vinasaba ambacho lazima kionekane. Kisipoonekana, hatuna majibu. Tuna kichupa kilichokufa. Ukipokea ripoti ya PCR, uliza kuhusu kipande hicho. Mtaalamu mzuri atafurahi kuulizwa. Binamu yake PCR anaitwa LAMP, alitoka Japani mwaka 2000, anafanya kazi kwenye joto moja tu la kama nyuzi 65, kwa hiyo unaweza kumbeba hadi shambani, na majibu yanatoka ndani ya saa moja. Kosa la kumwonea haya ni kufungua kichupa chake baada ya kazi: hewa ya chumba inajaa vipande vya vinasaba, na kwa muda mrefu kila kitu unachopima kinaonekana kina ugonjwa.

Lakini kuna mahali PCR, au ndugu zake wanaosoma vinasaba, hawana mbadala. Mwaka 1971 Theodor Diener alitangaza kwamba ugonjwa wa viazi kurefuka na kuchongoka kama pia hausababishwi na bakteria wala kirusi. Alichokipata ni uzi mtupu wa RNA, yaani vinasaba vya aina moja, mdogo kuliko kirusi chochote, na baadaye ukahesabiwa: herufi 359 tu. Akauita viroidi. Hauna protini hata moja. Sasa kumbuka Elisa inatafuta nini. Unaweza kuupima uzi huo kwa Elisa mpaka kingamwili ziishe ghalani, hautaonekana, kwa sababu kingamwili inakamata protini na hapa hakuna cha kukamata. Wakati kiazi kinaupokea kwa kisu kilichotumika kukata mbegu yenye ugonjwa, au kwa majani kugusana tu.

Baka jani, ule ukungu ulioangamiza Ireland kuanzia 1845, silipendi kulipokea maabara likiwa na swali la "ni lenyewe?" Linajulikana kwa macho: doa jeusi lililolowana, na chini ya jani asubuhi na mapema unyoya mweupe. Ukiwa na wasiwasi weka jani kwenye kopo lenye karatasi mbichi usiku mmoja, kesho hadubini itaonyesha mbegu zake zenye umbo la limau. Maabara ina kazi pale swali linapokuwa ni ukoo gani, maana Afrika Mashariki ukoo mmoja umekuwa ukiufukuza mwingine, na kwa hilo mtu hahitaji kutuletea shamba: anabandika doa kwenye kadi maalumu, linakauka, linasafiri kwa bahasha. Minyoo ya vifuko, iliyoripotiwa Kenya mwaka 2015, haihitaji kiazi hata kidogo. Lete udongo, na uwe mkavu, kwa sababu vifuko vikavu vinaelea juu ya maji navyo tunavikusanya kwenye chekecheo. Kimoja, ukubwa wa kichwa cha pini, kinaweza kuwa na mayai mia kadhaa, na yanasubiri ardhini miaka 20.

Sasa nirudi kwenye mfuko. Mzee mmoja aliniletea viazi 20, alivyovichagua mwenyewe, vizuri vya kupiga picha. Vyote havikuwa na kitu.

"Kwa hiyo mbegu yangu safi," akasema.

"Mzee wangu, hivi 20 ndivyo safi."

"Na vingine vilivyobaki?"

"Sijaviona."

"Basi nipande, nisipande?"

Hesabu yake ni hii. Tuseme katika mbegu yake kila viazi 200, kimoja kina mnyauko. Nikipima 20, mara tisa kati ya kumi nitamwambia hakuna kitu. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 inachukua mashina kama 18,000. Moja kwa kila 200 ni mashina 90, yametawanyika shamba zima, na kila moja linamwaga bakteria kwenye maji ya mvua yanayoteremka mtaro kwa mtaro. Nikipima viazi 200, bado zaidi ya mara moja kati ya tatu nitaukosa ugonjwa wa kiwango hicho. Ulaya wanachukua viazi 200 kwa kila shehena isiyozidi tani 25, na namba hiyo inawapa uhakika wa asilimia 95 kama ugonjwa umefikia asilimia 1.5 ya viazi. Ukiwa chini ya hapo, ni bahati. Hakuna mashine, hata ya bei gani, inayoibadilisha hesabu hiyo, kwa sababu mashine haijawahi kuona kiazi ambacho hakikuletwa.

Na wasiofuata hesabu wanalipia mahali ambapo hawakutegemea. Mwaka 2003 bakteria wa aina hii hii alikutwa Marekani kwenye vipando vya maua ya jeranium vilivyotoka Kenya. Wamarekani walikuwa wameshamweka kwenye orodha ya viumbe wanaodhibitiwa kwa sheria ya kujikinga na ugaidi wa kibayolojia. Maua yalikuwa mazima kwa macho, kama mbegu ya milimani.

Kwa hiyo siku hizi kwenye ripoti zangu idadi ya viazi vilivyopimwa naiandika juu kabisa, kabla ya majibu, na nikiulizwa kwa simu naitaja kwanza. Kwa wanaotaka kuleta: changanya kutoka pembe zote za stoo na chini ya rundo, usichague vizuri. Ukinunua mbegu kwa watu watano, ukaimwaga pamoja kwanza, sitaweza kukuambia yupi amekuuzia ugonjwa; lete mifuko mitano. Tumia mfuko wa karatasi au kiroba, plastiki inafanya viazi vijasho na kuoza njiani. Niambie msimu uliopita shamba lilikuwa na nini, na kama kuna viazi vya maotea bado vinachomoza kwenye mahindi, kwa sababu hivyo vinanieleza mengi kabla sijawasha chochote.

Gharama isikuogopeshe kwa namba hiyo 200. Kwa mnyauko, vipande vya vitovu vinasagwa pamoja na kuwa sampuli moja, kwa hiyo viazi 200 havilipiwi mara 200. Na viazi vyenyewe unarudi navyo. Vimetobolewa kitovu tu; havifai tena kuwa mbegu, lakini vinalika, maana bakteria huyu hana habari na binadamu. Kaanga chipsi. Maganda na maji ya kuoshea ndiyo usimwage shambani, chimbia mbali na mtaro.